Anayetukana na Anayeshangilia



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, wengi wetu tumepata kusoma kwenye simu maneno ambayo aliyeyaandika asingethubutu kuyatamka mbele ya mhusika. Mtu anamwita mwenzake kafiri, au anamtukana jirani kwa kabila lake. Kwa nini?

Tunaona sababu mbili. Kwanza, haoni uso wa anayemtukana. Pili, na hii ndiyo kubwa, anashangiliwa. Mwenye kutukana akikosa wa kumchekea hunyamaza upesi.

Sisi wa Gisenyi tunalijua hili kabla ya simu. Gazeti la Kangura lilianza mwaka 1990, na mhariri wake, Hassan Ngeze, alikuwa mtu wa hapa hapa, tena Mwislamu. Desemba 1990 lilichapisha zilizoitwa Amri Kumi za Wahutu, zikiwakataza watu kuwaoa Watutsi, kufanya nao biashara na hata kuwahurumia. Jirani akaitwa mende. Mwaka 1994 yakatokea Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa kule Arusha ilimhukumu Ngeze kifungo cha maisha. Rufaa ya 2007 ikakipunguza kuwa miaka 35.

Aliyeandika alihukumiwa. Je, waliosoma wakacheka, wakampa na mwenzao? Hao hawakuitwa Arusha, lakini hisabu ya Akhera ingalipo. Suratul Hujurat, aya ya 11 na ya 12, inatukataza dharau, lakabu mbaya, dhana na kusengenya. Na msengenyaji hasengenyi peke yake. Lazima awepo wa kumsikiliza.

Tukumbuke pia kwamba mwaka ule ule Waislamu wengi wa Rwanda waliwaficha majirani zao. Gazeti liliwaambia ni mende. Wao wakamwona mtu waliyeishi naye.

Basi nyumbani tuanze na haya. Neno baya likifika kwenye simu, lisipite kwa mwingine. Tusilicheke. Aliyelituma tumnasihi faraghani, si mbele ya watu. Na watoto wetu tuwazoeze kujiuliza kabla ya kuandika: hili ningemwambia mwenyewe, tumesimama naye mlangoni pa msikiti?

Allah atuhifadhi na shari ya ndimi zetu na ya masikio yetu. Amin.