Saluki si Pambo la Nyumba

Ndugu msomaji, yuko mbwa mmoja ambaye siku hizi jina lake hutajwa hata mabarazani mwetu kana kwamba yeye si mbwa. Naye ni saluki. Vijana wetu wenye jamaa Maskati, Dubai na Abu Dhabi humwona huko, au huziona picha zake katika simu, wakamtamani kama watamanivyo saa ya dhahabu. Ukiwauliza mbwa atafanya nini nyumbani, jawabu lao ni hili: huyu ni mbwa wa Waarabu, na dini imemruhusu. Maneno haya yana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo ipotezayo watu. Basi na tuyapime.

Kwanza tumpe mnyama haki yake. Saluki ni katika mbwa wa kale: mrefu, mwembamba, kifua kimeshuka na kiuno kimebana, na wengi wao wana manyoya laini marefu masikioni. Dume hufika kimo cha sentimita 58 mpaka 71. Hukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na huwinda kwa macho, si kwa pua. Mabedui walimtumia pamoja na kozi kukamata paa na sungura, wakamwita hurr, yaani muungwana, wakamwacha alale hemani mwao. Mshairi Abu Nuwas wa Baghdad alitunga mashairi ya kuwasifu mbwa wa mawindo. Waingereza walimtambua rasmi mwaka 1923, na Abu Dhabi ikamfungulia kituo chake mwaka 2001. Hayo yote hatuyakatai.

Lakini jiulize: Bedui alimheshimu kwa nini? Kwa kuwa alikuwa akimlisha yeye na watoto wake jangwani. Na ruhusa ya dini imesimama papo hapo, juu ya kazi. Katika Surat Al-Maida, aya ya 4, tumehalalishiwa kile wanachotukamatia wanyama tuliowafunza kuwinda, tukilitaja jina la Mwenyezi Mungu. Na Adiy bin Hatim alipomwuliza Mtume (s.a.w.), alifundishwa kwamba mbwa akimla mnyama aliyemkamata, basi asiliwe, kwani hapo mbwa amejiwindia nafsi yake. Tazama jinsi jambo lilivyowekewa mipaka! Ruhusa hii si ya kabila la mbwa. Ni ya kazi yake.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba afugaye mbwa asiyekuwa wa mawindo, wa mifugo wala wa shamba, thawabu zake hupungua kila siku qirati moja, na katika mapokezi mengine qirati mbili. Milango basi ni mitatu, na wanavyuoni wa Kishafi, miongoni mwao Imam Nawawi, wamekisia juu yake ulinzi wa nyumba. Sasa mpitishe saluki wako katika milango hiyo mmoja mmoja.

Mawindo? Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977, na Tanzania huwindi bila kibali. Mifugo? Saluki hachungi mbuzi. Akimwona mwanambuzi anakimbia, yeye ndiye wa kuchungwa. Shamba na ulinzi? Huyu ni mbwa mpole mwenye haya, hujitenga na wageni, na wengi wao hawabweki sana. Mwizi huenda akapita, naye amejilaza juu ya mto wako. Milango yote imefungwa, nawe umebaki nje na mbwa wako.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawapendi kulisikia. Mtume (s.a.w.) amekataza thamani ya mbwa, na kwa madhehebu yetu ya Kishafi kuuza mbwa hakusihi, hata awe wa mawindo. Mabedui wenyewe, kwa desturi yao, saluki hawakumwuza. Walimtoa zawadi kwa mtu wanayemheshimu. Wewe watoa maelfu ya shilingi kumnunua, kisha wasema wafuata mila ya Waarabu! Mila gani hiyo?

Ama tohara, nyumba zetu wazijua. Twasali juu ya mikeka ile ile tunayokalia, na watoto hutambaa sakafuni. Chombo alichotia mbwa ulimi huoshwa mara saba, moja yao kwa udongo. Je, mama wa nyumba ameshauriwa? Maana mwenye fahari ni wewe, na mwenye kufua ni yeye.

Tuache sasa haki yako, tutazame haki ya mnyama. Saluki hutaka kila siku uwanja mpana wa kukimbia, uliozungushiwa ukuta au uzio mrefu, kwani akiona kitu kinakimbia haitiki tena akiitwa. Katika vichochoro vya Mji wa Kale atakimbilia wapi? Na Lamu, mji wa paka, atawafanya nini paka? Kuku wa jirani je? Mwili wake hauna mafuta mengi, hata daktari wa mifugo humwangalia sana katika kumpa nusukaputi. Pwani yetu ina kupe waletao maradhi. Naye huishi miaka kumi na miwili au zaidi, wakati hamu ya kijana haimalizi mwaka. Mwisho wake tunaujua: mnyororo uani. Mwanamke mmoja aliingia motoni kwa paka aliyemfunga, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie. Basi mkimbiaji aliyefungwa mti mmoja maisha yake yote, mwenyewe atajibu nini?

Akisema mtu: mbona Watu wa Pangoni walikuwa na mbwa? Tutamjibu: Qur'ani imetwambia mbwa yule alinyoosha miguu yake kizingitini, si kitandani. Akisema: mbona yuko aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu? Tutamjibu: naam, akamnywesha, na hakumfanya pambo. Huruma haina haja ya mnyororo.

Wala asifurahi kwa maneno haya yule awapigaye mbwa mawe njiani akidhani ndiyo dini. Najisi ya mate yake haikumhalalishia mtu kumtesa. Huyo na mwenye saluki wa fahari ni ndugu: wote wawili hawamwoni kiumbe, wajiona nafsi zao.

Na ikiwa saluki yuko kwako tayari, usimtupe njiani. Mtengee banda nje, mbali na mahali pa kusalia. Mlishe, mpeleke akachanjwe kichaa cha mbwa, umpe nafasi ya kukimbia. Ukishindwa, mpe, usimwuze, mtu mwenye shamba pana lenye uzio na kazi ya kweli ya kumpa. Na ikiwa bado hujamleta, swali ni moja tu: nina kazi gani ya mbwa huyu? Kama huna jawabu ila uzuri wake, mwache alipo.

Wabillahi tawfiq.