Kabla hujanunua pampu ya hewa, tazama uso wa bwawa lako

Ndugu mfugaji wa samaki, na wewe mchuuzi unayempa mfugaji arubuni kabla ya mavuno: wengi mnaokuja madukani Darajani mnaniuliza mnunue pampu gani ya hewa. Kwa maoni yangu, swali hilo linaanzia mwisho. Jiulize kwanza: usiku, uso wa maji yako unatembea au umelala?

Oksijeni huingia bwawani kwa njia mbili. Ya kwanza ni mimea midogo ya kijani iliyomo majini, lakini hiyo huitengeneza kukiwa na jua tu. Ya pili ni pale maji yanapogusana na hewa. Usiku njia ya kwanza hufungwa, na mimea hiyo hiyo huanza kuitumia oksijeni pamoja na samaki na tope. Inabaki njia moja.

Na njia hiyo ni nyembamba. Kwenye joto la nyuzi 30, lita 1,000 za maji baridi hushika kiasi cha gramu 7 na nusu tu za oksijeni. Maji ya bahari kiasi cha gramu 6. Maji yakitulia tuli, tabaka jembamba la juu hushiba, na oksijeni ikiachwa ijipenyeze yenyewe huchukua wiki kadhaa kushuka sentimita 10. Yakivurugwa, yaliyopungukiwa huja juu kuchukua hewa na yaliyoshiba hushuka. Ndiyo maana kusi ikivuma bwawa hupata nafuu, na wakati wa maleleji, upepo umelala na joto limepanda, alfajiri utawaona perege au mwatiko wakitweta juu ya maji. Hapo miezi ya chakula na arubuni ya mchuuzi vinaweza kupotea kwa usiku mmoja.

Pampu ndogo ya hewa inafaa kwenye tangi la vifaranga. Kwenye bwawa la kina cha mita moja, mapovu yake hupanda na kupasuka kwa sekunde chache, na sehemu kubwa ya oksijeni hurudi hewani. Pesa hiyo mimi ningeiweka kwenye kuurusha uso wa maji:

1. Tumia pampu ya maji ya bustani. Mdomo wa kunyonya uwe katikati ya kina, usiguse tope. Maji yatoke kwenye bomba lenye matundu, nusu mita hadi mita moja juu ya bwawa, yaanguke kama mvua. Mpira uliozamishwa hausaidii vya kutosha.

2. Washa kuanzia saa sita usiku hadi jua litoke. Usisubiri samaki watwete. Saa tisa alasiri bwawa la kijani linaweza kuwa na oksijeni kupita kiasi, na ukiyarusha maji wakati huo unaitoa nje.

3. Maji ya kisima nayo hutoka chini na oksijeni kidogo. Yapitishe kwenye bati lenye matundu kabla hayajaingia bwawani.

4. Achia upepo njia. Usipande migomba minene upande wa kusi, na ondoa majani na mafuta yaliyotanda juu ya maji.

5. Siku ya joto isiyo na upepo, punguza chakula. Samaki aliyeshiba hutumia oksijeni zaidi.

Wapo watakaosema mafuta ya pampu ni ghali. Kweli, lakini si lazima uiwashe kila usiku. Iwashe usiku wa maleleji na siku ya mawingu mazito, pale upepo au jua halikufanya kazi yake.

Na wewe mchuuzi, kabla hujatoa arubuni, fika bwawani saa kumi na moja alfajiri. Kama maji yamelala na samaki wako juu wanatweta, zuia pesa yako kwanza, mkae na mfugaji mtengeneze bomba lile.