Uzi wa Meli Usifichwe

Natoa maoni yangu juu ya jambo linalobishaniwa sana katika chama chetu cha sayansi muhula huu, yaani ile meli ya kuelea hewani.

Waliohudhuria Siku ya Wazazi mwaka jana watakumbuka. Mezani palikuwa na kisahani cheusi kilichonunuliwa dukani, na juu yake mfano mdogo wa meli Liemba ukielea pasipo kushikwa na kitu. Wazee waliotoka Kibondo, ambao baadhi yao hawajaiona Liemba wala ziwa lenyewe, walisogea karibu. Mmoja alipitisha fimbo yake chini ya meli, asikute kitu, akamwuliza mwanawe, "Hii ni dawa gani?" Mwenzetu akajibu, "Ni sumaku, baba." Alipoulizwa sumaku hiyo yafanyaje, akanyamaza. Punde si punde umeme ukakatika, meli ikaanguka, na bomba lake la moshi likavunjika mbele ya wageni.

Sasa twaambiwa inunuliwe mashine nyingine, iliyo bora zaidi, kwa michango ya wazazi waliouza maharage na mihogo. Mimi siafiki.

Sina ugomvi na meli. Mfano ulichongwa na wenzetu, tena vizuri, na Liemba yastahili kuonyeshwa. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha ikaletwa Kigoma. Ilishushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitwaliwe na adui. Ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 Waingereza wakairudisha kazini kwa jina hili tulijualo.

Ugomvi wangu ni na kile kisahani. Chukua sumaku mbili za duara, uzivike katika penseli huku ncha zinazofanana zikitazamana. Ile ya juu itaelea. Chomoa penseli: mara moja itapinduka na kunasa kwa mwenzake. Mwingereza mmoja, Samuel Earnshaw, alionyesha kwa hesabu katika andiko lake la mwaka 1842 kwamba sumaku za kawaida peke yake, uzipange upendavyo, haziwezi kukiweka kitu kitulie hewani. Lazima pawe na kitu cha kukizuia kisiponyoke.

Ndani ya kisahani kazi hiyo hufanywa na umeme. Mna koili za waya, na kipimo kidogo kinachotambua sumaku ya juu inakoelekea, kikabadili nguvu ya umeme mara nyingi kwa sekunde moja ili kuirudisha mahali pake. Treni ya Shanghai, China, iliyoanza kazi ya kawaida mwaka 2004 na kufikia kilomita 431 kwa saa ikiwa na abiria, nayo huchungwa hivyo hivyo, kwa mwanya wa kama sentimita 1 tu. Ni kazi ya ajabu, lakini imefungwa ndani ya plastiki, na hakuna mwanafunzi aliyeifungua.

Mimi nashauri hivi. Tutengeneze kiunzi cha mbao, juu yake tufunge sumaku za spika. Kwenye sitaha ya meli tubandike sumaku ndogo, na chini yake tufunge nyuzi mpaka kwenye ubao wa chini. Sumaku ya juu itavuta, nyuzi zitazuia, na meli itasimama hewani hata umeme ukikatika. Mgeni ataweza kupitisha karatasi katika ule mwanya. Hapo penye kipimo na koili pana uzi, na mtoto wa Kidato cha Kwanza aweza kueleza kazi yake.

Ila meli iwe nyepesi, ya mabua ya mahindi na karatasi. Liemba ina urefu wa kama mita 71. Kwa kipimo cha 1 kwa 200 mfano huwa kama sentimita 36. Tukiuchonga kwa 1 kwa 400 huwa kama sentimita 18, na uzito wapungua mara 8, si mara 2. Hesabu hiyo pekee ni somo la kutwa.

Wenzangu wasema uzi utaharibu uzuri, nasi tutachekwa. Mwalimu mmoja nimheshimuye asema wazazi huja kustaajabu. Kweli, walistaajabu, nami nilistaajabu pamoja nao. Lakini yule mzee aliuliza swali, akaondoka pasipo jibu.

Sumaku moja nimekwisha ipata kwa fundi redio wa sokoni Kasulu. Zahitajika mbili zaidi. Mwenye redio mbovu nyumbani, Kasulu au Kibondo, na aje na spika yake baada ya likizo.