Tiketi ya Oasis na Bei Isiyotangazwa

Jumamosi ya tarehe 31 Agosti 2024, tiketi za ziara ya kurudi kwa Oasis zilianza kuuzwa Uingereza na Ireland. Bendi hii ya Manchester ilikuwa imesambaratika Agosti 2009 jijini Paris, baada ya ndugu wawili, Noel na Liam Gallagher, kugombana nyuma ya jukwaa muda mfupi kabla ya kupanda. Kwa miaka 15 mashabiki walikata tamaa, wakarudi kutumaini, wakakata tamaa tena. Kwa hiyo asubuhi ile, kwa hesabu ya waandaaji wenyewe, zaidi ya watu milioni 10 kutoka nchi 158 walijipanga kwenye foleni ya intaneti. Wengine walikaa humo saa nyingi wakiangalia namba yao ikishuka taratibu. Zamu yao ilipofika, tiketi ya kusimama waliyoitarajia kwa takriban pauni 150 ikawa inauzwa zaidi ya pauni 350. Uwanja uleule, sehemu ileile ya kusimama, na muda wa kuamua ni dakika chache.

Wengi walilipa. Ziliuzwa tiketi zaidi ya 900,000, na hilo ndilo jambo ambalo watetezi wa soko hulitaja kwanza: kama bei ilikuwa mbaya, mbona imelipwa?

Hoja yao si ya kupuuzwa. Viti vya uwanja vina idadi, na wanaovitaka ni mara nyingi zaidi ya hivyo. Bendi ikiuza kwa bei ya chini kuliko ambayo watu wako tayari kulipa, tofauti ile haiyeyuki hewani. Wanaichukua walanguzi, ambao siku hizi hawasimami tena nje ya geti na tiketi mkononi. Wana programu za kompyuta zinazonunua mamia ya tiketi kabla shabiki hajamaliza kuandika jina lake. Bora basi, wanasema, fedha hiyo imfikie aliyetunga wimbo kuliko mtu asiyejua hata kushika gitaa. Tena wanamuziki wanaitegemea. Alan Krueger, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Princeton aliyeandika kitabu cha Rockonomics mwaka 2019, alionyesha jinsi mapato ya santuri na CD yalivyoporomoka na jukwaa likabaki kuwa ndipo wasanii wakubwa wanapopata riziki yao kubwa.

Nakubali karibu yote hayo. Ninapokwama ni pale wanapodhani kwamba shabiki wa Oasis ni mnunuzi kama wanunuzi wengine, anayeweza kukataa bei hapa akahamia duka la jirani. Hakuna Oasis ya pili. Kisha kuna suala la kujua. Anayekwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa kutazama Simba na Yanga anafahamu siku kadhaa kabla kiingilio cha mzunguko ni shilingi ngapi na cha VIP ni ngapi. Anaweza kunung'unika, anaweza kukopa, anaweza kuamua kutazama kwenye kibanda umiza. Lakini anaamua akiwa nyumbani kwake, kabla hajapoteza siku nzima.

Hapo ndipo uchunguzi wa serikali ya Uingereza ulipotoa jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya nchi hiyo, CMA, ilifungua jalada siku chache baada ya mauzo. Magazeti mengi yalikuwa yameshahukumu kwamba Ticketmaster, kampuni iliyouza tiketi hizo, ilitumia mitambo inayopandisha bei papo hapo kadiri foleni inavyorefuka, kama zifanyavyo kampuni za ndege. CMA ilisema haikupata ushahidi wa mitambo ya namna hiyo. Ilichokikuta ni kitu cha kizamani zaidi. Kulikuwa na mafungu mawili ya tiketi za kusimama, la bei ya chini na la bei ya juu. Fungu la kwanza likauzwa likaisha, ndipo la pili likafunguliwa, na walio kwenye foleni hawakuelezwa vya kutosha kwamba mafungu ni mawili. Juu ya hapo, baadhi ya viti viliitwa platinamu na kuuzwa karibu mara mbili na nusu ya bei ya kawaida, ilhali aliyeketi hapo hakupata cha ziada chochote kuliko jirani yake. Septemba 2025 kampuni ikaahidi kwamba itawatangazia mashabiki saa 24 kabla iwapo bei zitakuwa za mafungu, na itaacha majina ya kupotosha.

Kwa maneno mengine, bei ilikuwa imeshapangwa. Ilifichwa tu. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko mtambo, kwa sababu mtambo hauna wa kumwonea haya.

Lakini kwa nini mtu aumie hivyo kwa ajili ya tiketi? Wasiopenda muziki wa roki huona ni utoto. Ili kuelewa, inabidi kutazama kinachotokea uwanjani. Ziara ilifunguliwa Cardiff tarehe 4 Julai 2025, na usiku baada ya usiku, ulipofika wimbo wa Cigarettes & Alcohol, Liam aliwaomba watu wageuke, washikane mabega na kuruka. Mtindo huo ni wa mashabiki wa soka wa Lech Poznań ya Poland. Uliingia Manchester mwaka 2010 timu hiyo ilipokuja kucheza na Manchester City, timu ya akina Gallagher, na mashabiki wa City wakaukwapua. Sasa fikiria: mtu amelipa pauni 350 kuwaona ndugu wawili wakiwa jukwaa moja, kisha kwa hiari yake anawapa mgongo, pamoja na maelfu wenzake. Dakika zile anayetazamwa ni yeye, na jukwaani ndiko waliko watazamaji.

Wiki iliyofuata, kwenye bustani ya Heaton Park jijini Manchester, kilima kilicho nje ya eneo la tamasha kilijaa watu wasiokuwa na tiketi. Halmashauri ya jiji ikaweka uzio ili kuwazuia. Watu wakakusanyika vilevile, wakaimba kila wimbo na kukipachika kilima hicho jina la akina Gallagher. Kutoka kule jukwaa lilikuwa mbali. Walikuja kuwa miongoni mwa wenzao.

Shabiki, basi, ni sehemu ya bidhaa anayouziwa. Uwanja mtupu wenye bendi nzuri ni mazoezi tu. Bendi iliyolielewa hili mapema kuliko zote ni Grateful Dead ya California. Mwaka 1983 walianzisha utaratibu wao wenyewe wa kuuza tiketi kwa posta: shabiki alituma hawala ndani ya bahasha, na wengi walizipamba bahasha hizo kwa michoro ya rangi wakiamini bahati itawaangukia. Mwaka uliofuata bendi ikatenga sehemu rasmi ya ukumbi kwa wenye vinasa sauti. Watu walirekodi onyesho zima na kubadilishana kanda, sharti likiwa zisiuzwe. Kwa kuwa nyimbo zilibadilishwa kila usiku, kulikuwa na sababu ya kuifuata bendi mji hadi mji, na maegesho ya magari nje ya ukumbi yakageuka gulio la fulana, vyakula na vinywaji. Bendi iliyowahi kuwa na wimbo mmoja tu kwenye kumi bora za Marekani, mwaka 1987, ikaingia miaka ya 1990 ikiwa miongoni mwa zinazovuna zaidi kwa ziara nchini humo. Ilifika huko kwa kumwamini shabiki.

Nisieleweke kwamba zamani kulikuwa na pepo. Julai 1995 huko Deer Creek, Indiana, umati usio na tiketi ulivunja uzio wa Grateful Dead, na onyesho la siku iliyofuata likafutwa. Na tarehe 3 Desemba 1979 mjini Cincinnati, watu 11 walifariki kwa kubanwa kwenye milango ya ukumbi walipokuja kuwaona The Who. Tiketi nyingi hazikuwa na namba za viti, anayewahi ndiye anayesimama mbele. Milango iliyofunguliwa ilikuwa michache, na waliokuwa nje waliposikia sauti kutoka ndani walidhani bendi imeshaanza. Anayeililia foleni ya miguu kana kwamba ilikuwa haki tupu amesahau maiti hizo. Foleni ya intaneti, kwa kero zake zote, haijawahi kumvunja mtu mbavu.

Tatizo langu ni dogo kuliko hilo, na linajibika. Nani alipanga bei?

Siku nne baada ya mauzo, Oasis walitoa taarifa wakisema masuala ya tiketi na bei wanawaachia mapromota na menejimenti, na kwamba hawakujua mapema kama mfumo wa bei za kubadilika ungetumika. Huenda ni kweli kwamba Noel hakukaa mezani na kikokotoo. Lakini mwezi huohuo wa Septemba, walipotangaza maonyesho ya Amerika Kaskazini, walisema huko mfumo huo hautatumika. Ni bendi ileile, haujapita hata mwezi. Anayeweza kuamua juu ya bei za Chicago alikuwa na uwezo wa kuamua juu ya bei za Cardiff, au angalau kuuliza.

Robert Smith wa The Cure aliuliza. Kwa ziara yake ya Marekani ya mwaka 2023 alikataa bei za kubadilika na viti vya platinamu, akaweka tiketi nyingine kwa dola 20. Mashabiki wakafika mwisho wa ununuzi wakakuta ada zimeizidi bei ya tiketi yenyewe. Smith alipiga kelele hadharani, kwa herufi kubwa kama kawaida yake, na Ticketmaster ikarejesha dola 10 kwa walionunua tiketi za chini kabisa na dola 5 kwa wengine. Tiketi zilifungwa zisihamishwe kwa mtu mwingine, isipokuwa New York, Illinois na Colorado ambako sheria haikuruhusu kufunga. Dola 10 si nyingi, lakini kampuni ile haina desturi ya kurudisha hata senti, na ziara ile haikuwafilisi The Cure.

Ni haki kukumbuka kwamba si kila anayepambana hushinda. Pearl Jam walipeleka malalamiko Wizara ya Sheria ya Marekani mwaka 1994 wakitaka tiketi zao zisizidi dola 20, na wanabendi wawili, Stone Gossard na Jeff Ament, wakatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Mwaka uliofuata walijaribu kuzunguka nchi wakikwepa kumbi zenye mikataba na Ticketmaster. Ilikuwa adha tupu. Uchunguzi ukafungwa Julai 1995, na bendi ikarudi polepole kwenye kumbi zilezile. Mwaka 2010 Ticketmaster ikaungana na Live Nation, promota mkubwa kuliko wote duniani, na ilibidi ifike Mei 2024 ndipo wizara ileile ifungue kesi kutaka zitenganishwe. Hata hivyo Pearl Jam walibaki na kitu kimoja ambacho wengine wangeweza kukiiga kesho: klabu ya mashabiki ambamo viti vizuri hugawiwa kwa kuangalia nani alijiunga mapema zaidi. Ukiwa mwanachama tangu 1992, huhitaji kushindana na mwenye kadi nono ya benki.

Kwa upande wa pili yuko Bruce Springsteen, aliyejijengea jina kwa kuimba maisha ya wafanyakazi wa New Jersey. Mwaka 2022 baadhi ya viti vyake vilifika dola 5,000. Ticketmaster ilijitetea kwamba viti vya bei hizo ni vichache. Lakini Februari 2023, Backstreets, jarida la mashabiki wake lililokuwepo tangu 1980, likafungwa, na mchapishaji wake akataja bei hizo kuwa ndizo zilizomvunja moyo. Miaka 43 ya watu kuandika kwa mapenzi ikaishia hapo. Fedha zilizopatikana kwenye viti vile vichache zinahesabika. Kilichopotea hakina mahali kwenye kitabu cha mahesabu, na nadhani ndiyo sababu hakuna aliyekihesabu.

Sheria zinasaidia, ila kwa upande mmoja. Ireland imepiga marufuku tangu 2021 kuuza tena tiketi za matukio makubwa kwa zaidi ya bei iliyoandikwa, na Novemba 2025 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba nayo itafanya hivyo. Sheria za namna hii zinambana mlanguzi. Hazimgusi anayeandika bei ya kwanza. Bei hiyo itangazwe yote, pamoja na ada na mafungu yake, siku kadhaa kabla ya mauzo, na itangazwe kwa jina la bendi yenyewe. Promota alipe gharama zake, muuza tiketi achukue chake, lakini wanamuziki wasiruhusiwe tena kusema hawakujua.