Lugha ya Kigeni Ifundishwe kwa Kiswahili

KATIKA karne ya 19, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Waliotoka Bagamoyo walipumzika hapo kabla ya kushika njia ya Ujiji au ya Karagwe. Wapagazi wa Kinyamwezi walijifunza Kiswahili njiani, wala hawakukitupa Kinyamwezi chao. Burton na Speke walipofika huko Novemba 1857, walimtegemea Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa amejifunza Kihindustani nchini India. Lugha ya mgeni ilikuwa nyenzo ya kazi, si pambo.

Leo kijana wa Kitete, mjini Tabora, anayekwenda Unguja kutafuta kazi ya hoteli, hukutana na lugha nyingine ya mgeni: Kiitaliano. Huko Kiwengwa, kama ilivyo Malindi na Watamu nchini Kenya, watalii wa Kiitaliano wamezoeleka kwa miaka mingi, na vijana wengi wamejifunza lugha hiyo kwa masikio tu. Juhudi yao yastahili sifa. Lakini anayejua salamu, bei na utani peke yake huishia kupata bakshishi. Barua, hesabu na mkataba vitamshinda, na ofisi itakwenda kwa mwingine.

Akitaka kujiendeleza, mara nyingi kitabu anachokipata kimeeleza Kiitaliano kwa Kiingereza. Hivyo aliyeishia darasa la saba hufungiwa milango miwili kwa pamoja. Hilo si lazima hata kidogo.

Kiswahili chaweza kukieleza Kiitaliano vizuri. Maneno mengi ya Kiitaliano huishia kwa irabu, kama ya Kiswahili. Anayesema "nasoma" hana haja ya kutamka "mimi". Mwitaliano naye husema "leggo", nafsi ikiwa mwishoni mwa kitenzi badala ya mwanzoni. Tofauti nazo zaelezeka: "chi", yaani "nani", hutamkwa "ki", na "ciao" hutamkwa "chao". Mwalimu hodari hahitaji kupitia London ili kuyafafanua hayo.

Waitaliano wenyewe wametoa mfano. Katika Chuo Kikuu cha L'Orientale, mjini Napoli, Kiswahili hufundishwa kwa sarufi na fasihi yake. Elena Bertoncini Zúbková, aliyefundisha huko, alichapisha mwaka 1989 kitabu kizima juu ya fasihi ya Kiswahili. Hakukiona kuwa lugha ya kuagizia chakula tu.

Wapo watakaosema kwamba kujifunza lugha ya Ulaya ni kasumba. Kasumba ni kuidharau lugha yako. Kuongeza nyingine ni maarifa. Wala haidaiwi kwamba kila shule ifundishe Kiitaliano. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba elimu ilingane na maisha ya wananchi. Basi vyuo vya hoteli na utalii, pamoja na madarasa ya watu wazima, vipatiwe vitabu vya Kiitaliano vilivyoandikwa kwa Kiswahili. Walimu wa lugha na maofisa wa elimu ndio wenye uwezo wa kuianza kazi hiyo.

Mpagazi wa zamani alibeba pembe za ndovu hadi pwani, na faida kubwa ikaenda kwa mwenye mali. Mjukuu wake asiibebe lugha ya mgeni kwa namna hiyo hiyo. Na aimiliki.