Makanisa ya kale Uingereza: Nani alipie paa linalovuja?

KANISA la Anglikana la Uingereza lina majengo ya ibada yapatayo 16,000, na zaidi ya 12,000 kati yake yanalindwa kisheria kama urithi wa taifa. Maelfu yalijengwa katika Zama za Kati. Mkoa wa Norfolk pekee una zaidi ya 600 ya namna hiyo, mengi yakiwa vijijini.

Kwa kuwa Mfalme ndiye mkuu wa kanisa hilo, wengi hudhani kuwa Serikali ndiyo inayoyakarabati. Sivyo. Mzigo huwaangukia waumini wenyewe.

Zamani desturi iliugawa wajibu huo: rekta, aliyepokea zaka, alitunza sehemu ya madhabahu, na wanaparokia wakatunza ukumbi wanamosali. Bunge lilifuta ulazima wa kodi ya kanisa mwaka 1868, lakini wajibu wa rekta ulibaki umeshikamana na baadhi ya mashamba. Mwaka 2003, majaji wa Baraza la Malodi waliamua kuwa wanandoa wenye shamba la aina hiyo huko Aston Cantlow walipie ukarabati, katika dai lililoanza kwa takriban pauni 95,000. Sheria ya kale, maumivu ya leo.

Kinachoshangaza zaidi ni kodi. Anayejenga nyumba mpya hatozwi Kodi ya Ongezeko la Thamani, ilhali anayekarabati kanisa la miaka 800 hutozwa asilimia 20. Mwaka 2001 Serikali ilianzisha mpango wa kurejesha fedha hizo. Hata hivyo, Januari 2025 ilitangaza kikomo cha pauni 25,000 kwa kila jengo kwa mwaka, hadi Machi 2026. Paa la pauni 300,000 lina kodi ya pauni 60,000. Chini ya kikomo hicho, kijiji kingezipata wapi 35,000 zilizobaki?

Hapa si suala la dini peke yake. Katika kanisa la Chaldon, Surrey, kuna mchoro wa ukutani wa mwaka 1200 hivi, unaoonyesha roho zikipanda ngazi kwenda mbinguni na nyingine zikiporomoka motoni. Ulifunikwa kwa chokaa, ukafichuliwa karne ya 19. Chokaa iliuhifadhi, maji ya paa bovu hayana huruma hiyo.

Lipo shirika la Churches Conservation Trust, lililoanzishwa mwaka 1969, linalotunza makanisa zaidi ya 350. Lakini hulipokea kanisa baada tu ya kufungwa rasmi kwa ibada za parokia.