118 ya nini?

Mama mmoja wa commune ya Katuba alituonyesha karatasi yake ya labo. Juu yake kulikuwa na mstari mmoja tu: "Glycémie: 118". Hawakuandika kama ni 118 ya nini, hawakuandika saa waliyokamata damu, wala kama alikuwa amekula. Alilipa, akapewa karatasi, akaenda zake. Jirani akamwambia: "Mama, uko na sukari, acha bukari!" Mtoto wake akasema: "Hapana, ugonjwa unaanza ku 126, uko muzima." Karatasi ikalala mu sanduku miezi mitatu.

Wote wawili walikosea. Lakini kosa la kwanza si lao.

Ile 118 ni miligramu katika desilita moja ya damu. Labo ingine ingeandika 1,18, ni kusema gramu katika lita. Ingine tena ingeandika karibu 6,5, kwa milimoli. Ni sukari ile ile! Mtu mwenye karatasi mbili, moja ya 118 na moja ya 6,5, anaweza kufikiri amepona.

Kisha kuna habari ya tumbo. Kama mama alikuwa hajala masaa nane (maji tu inaruhusiwa, chai ya sukari hapana), basi 118 inasema jambo. OMS inaweka kati ya 1,10 na 1,25 watu ambao sukari yao imepanda bila kufika ku ugonjwa. Wamarekani wao wanaanza kuhesabu ku 1,00, ndiyo maana banganga wawili wanaweza kukupa majibu mawili bila mmoja kusema uongo. Kuanzia 1,26 ni ugonjwa wa sukari, na kama mtu hana dalili, lazima kipimo kirudiliwe siku ingine. Lakini kama mama alikuwa ametoka kula mkate na chai, 118 haina neno.

Tena, damu ikibaki mezani masaa mengi mbele ya kupimwa, chembe za damu zinaendelea kula sukari, na hesabu inashuka. Wagonjwa wetu wangapi wamehesabiwa wazima juu ya tubu iliyosahauliwa kwenye joto?

Wenye uwezo wanapimwa hemoglobini A1c, inayoonyesha sukari ya miezi miwili au mitatu. Kati ya 5,7 na 6,4 kwa mia, Wamarekani wanasema uko mpakani. Kuanzia 6,5 ni ugonjwa. Ni kipimo kizuri, lakini kwetu kiangaliwe kwa akili: mwenye SS, mwenye kupungukiwa damu, ama aliyeongezewa damu juzi juzi, kinaweza kumdanganya. Amwambie munganga mbele.

Kwa nini tunasumbuka na mtu ambaye hajagonjwa? Ni juu yeye ndiye anayeweza kurudi nyuma. Mu mwaka wa 2002, uchunguzi mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba watu wa namna hii waliopunguza uzito kidogo (saba kwa mia) na kutembea dakika 150 kwa juma walipunguza hatari ya kuingia mu ugonjwa kwa 58 kwa mia. Dawa ya metformine ilipunguza 31 tu. Basi jirani asiogopeshe mtu na bukari. Bonge lipunguzwe, sombe na samaki viongezeke, na sucré ya kila siku, hiyo ndiyo tungeanza nayo kuacha. Kisha apimwe tena kila mwaka.

Tunachoomba ku malabo hakiombi mashine mpya. Waandike kipimo ni cha nini, saa gani, tumbo wazi ama hapana. Na munganga asimwache mgonjwa atoke mlangoni na hesabu asiyoielewa. Mgonjwa naye aulize, hata kama foleni ni ndefu na banganga wanakasirika. Pesa ni zake, damu ni yake.

Mama wa Katuba alirudi kupimwa Jumatatu, bila kula. Walipata 1,14. Safari hii munganga alikamata biki, akaandika pembeni "à jeun", akaandika na tarehe ya kurudi. Kutoka Katuba mpaka soko, mama anatuambia, sasa anaenda kwa miguu.